Kilio Bila Maiti

Basi la kutoka Kosiv lilikuwa halijaanza kupanda mlima Vasylyna, abiria wa kiti cha nyuma, aliposikia binti wa kiti cha mbele yake akimweleza mama aliyekaa naye kwamba anasomea uzamili, lugha na utamaduni wa Ukreni, na leo anakwenda kumrekodi Bibi Paraska wa kijijini akiimba maombolezo ya wafu.

"Nani kafa?" aliuliza yule mama.

"Hakuna, mama. Ni kwa ajili ya tasnifu."

Vasylyna aliacha kutafuna mbegu zake za alizeti.

"Paraska ni mama mkwe wangu," alisema yule mama. "Mwanawe, mume wangu, yuko vitani. Kilio kikikosa maiti hujitafutia wake. Hilo chuoni hawakukufundisha?"

"Walinifundisha. Lakini bibi mwenyewe amekubali."

"Bibi ni mzee. Mimi ndiye nitakayefungua mlango wakija wenye habari."

"Yeye ndiye wa mwisho anayeyajua maombolezo hayo, mama. Akienda nayo kaburini, wafu wetu tutawalilia kwa maneno ya nani?"

"Tutanyamaza."

"Warusi waliopiga marufuku lugha yetu walitaka hivyohivyo, tunyamaze."

"Usinitie kapu moja nao, mtoto wewe. Mimi nina mume wa kupoteza, wewe una cheti cha kupata."

"Nina kaka hukohuko, mama."

Basi zima likageukia madirisha, kana kwamba misonobari ile imeota jana.

Dereva alisimama penye msalaba wa njia panda. Bibi Paraska alikuwa pale akimngoja mgeni wake, keshajifunga kitambaa cheusi cha msiba kichwani.