Mikono ya Shangazi Inastaafu

Baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi, mkuu wa stoo ya vifaa vya maigizo katika kituo chetu cha televisheni anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sisi sote tunamwita Dada Stoo, na nasikia hata mkurugenzi, alipotaka kusaini barua yake ya kustaafu, ilibidi aulize jina lake kamili ni nani. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa madai kwamba mimi ndiye ninayemfahamu kuliko wote. Ukweli ni kwamba yeye ndiye anayenifahamu mimi, na kwa bahati mbaya ana kumbukumbu nzuri.

Kwa wafanyakazi vijana ambao hawakuwahi kuuona, kituo hiki kilikuwa na mchezo wa kila Jumapili jioni ulioitwa Mlango wa Jikoni. Mimi nilikuwa Shangazi, yule mama aliyekuwa akimaliza ugomvi wa ukoo mzima huku anakatakata vitunguu bila kutazama chini. Mpaka leo nikienda sokoni, wauza mboga wananiuliza siri ya mchuzi wangu. Huwa nacheka kidogo na kutazama pembeni, nao huona kwamba ni unyenyekevu. Nyumbani kwangu, wajukuu wakisikia naingia jikoni huanza kudai kwamba wameshashiba.

Mikono iliyokuwa ikikata vitunguu vile ilikuwa ya Dada Stoo.

Niseme kidogo jinsi tulivyokuwa tunarekodi. Jiko letu lilikuwa na kuta tatu za mbao nyembamba. Dirishani palikuwa na bustani iliyochorwa kwenye kitambaa, na mtu akipita nyuma yake kwa haraka bustani nzima ilitikisika, miti na mawingu. Mvuke wa sufuria ulitoka kwenye birika la umeme lililofichwa chini ya meza, ukipandishwa kwa bomba la mpira. Friji haikuwa na mgongo, kwa hiyo vitu vilipitishwa kwa nyuma. Siku moja mume wangu wa kwenye mchezo aliifungua mapema, akamkuta fundi taa amechungulia humo uso mzima. Alimsalimia, akapokea maziwa, akafunga mlango. Sehemu hiyo ilirushwa hivyohivyo, maana mikanda ilikuwa ghali na hatukuwa na mitambo ya kuikata na kuiunga. Kipindi kilichezwa mfululizo, mwanzo hadi mwisho. Ukikosea karibu na mwisho, wote mnaanza upya, na wote wanakukodolea macho. Mara nyingi aliyekodolewa nilikuwa mimi.

Wiki ya kwanza nilipewa kisu. Nilikata kitambaa cha meza, kitunguu kikabaki kizima. Mwongozaji wetu, mtu mpole aliyekuwa akinyonya peremende ili asigombe, alitafuna tatu kwa mpigo, kisha akamwita yule binti mgeni wa stoo. Binti akashonewa mikono ya gauni ya kitambaa kilekile nilichovaa mimi, akawekewa meza yake pembeni na kamera yake. Kamera ya kwanza ilichukua uso wangu, ya pili mikono yake, na mwongozaji alihama kutoka picha moja kwenda nyingine kwa kubonyeza kitufe. Watazamaji waliona mwanamke mmoja hodari. Tulikuwa wawili, na uhodari wote ulikuwa kwenye meza ya pili.

Siku kamera ya pili ilipogoma, tulikuwa tunarekodi kipindi ambacho Shangazi anaambiwa kaka yake amefariki. Ilibidi Dada Stoo ajibane nyuma yangu na kupitisha mikono yake chini ya makwapa yangu, na mikono yangu ikafungwa mgongoni kwa mtandio. Habari za msiba zikaja. Nikajilazimisha kulia, halikutoka hata tone, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye kidole changu cha mguu ambacho alikuwa amekikanyaga. Ile mikono ikanionea huruma. Ikaweka kisu chini, nashukuru, ikapanda ikanifuta machozi ambayo hayakuwapo. Ilikuwa imelowa maji ya kitunguu. Nililia mpaka mchezo ukaisha, nikalia kwenye basi, nikaingia nyumbani nalia, watu wakaanza kuniuliza nani kafa. Mwaka ule nilitunukiwa kombe la mwigizaji bora. Kombe hilo liko stoo, na Dada Stoo hulifuta vumbi kwa heshima ambayo sijawahi kuiamini.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimuuma. Watazamaji hawakutakiwa kujua kwamba Shangazi ana mikono ya kuazima, kwa hiyo jina lake halikuandikwa mwishoni mwa mchezo. Tena alikuwa na kovu la moto kwenye kifundo cha mkono, alilolipata utotoni alipokimbilia kuipua sufuria ya mama yake, na kila tuliporekodi mpambaji alilifunika kwa poda kwa sababu mimi sina kovu. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake yumo kwenye televisheni. Walijazana sebuleni kwake, wakatazama mpaka mwisho, binti hawakumwona. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka majirani wakaanza kuulizana kwa vicheko. Mama akamwita mwanawe pembeni akamwambia kwamba kama kazi yake huko ni kufagia, si aibu, aseme tu. Dada Stoo alinihadithia hayo huku anapanga vikombe kwenye rafu, na hakugeuka kunitazama.

Tulipofika kipindi cha mwisho kabisa, aliomba jambo moja: asipakwe poda. Mwongozaji akatafuna peremende. Mpambaji akagundua ghafla kwamba poda imemwishia. Mimi nilikubali papo hapo, nikijiona mkarimu sana, kwa kuwa niliamini hakuna atakayetazama mikono wakati uso wangu upo.

Kipindi kikarushwa Jumapili, na kesho yake mlinzi akanipigia simu kwamba kuna mama mtu mzima getini anamtaka wa jikoni. Nikajitengeneza kilemba, nikachukua na kalamu, maana mashabiki wangu hupenda sahihi. Yule mama alinisalimia kwa haraka, akanishika mikono, akaigeuzageuza kama anachagua nyanya, kisha akanirudishia.

"Hii siyo," alisema. "Nataka mwenye mikono. Kidonda cha lile kovu nilikifunga mimi mwenyewe."

Nikampeleka stoo. Walichozungumza sikijui, kwa sababu nilifungiwa nje nikiwa na kalamu yangu.

Tangu mchezo ule uishe, Dada Stoo amehudumia kila kipindi cha kituo hiki, kuanzia vya watoto hadi mijadala ya uchaguzi. Meza ya jikoni hakuitupa. Aliikata miguu, akaivalisha mbao za kung'aa, na ndiyo hiyo anayosomea taarifa ya habari mtangazaji wetu mwenye tai, ambaye kwa miaka kadhaa sasa analalamika kwamba droo inanukia kitunguu.

Dada Stoo, ahsante kwa kunifanya mpishi mashuhuri bila kumlisha mtu yeyote sumu. Uende ukapumzike ukiwa na afya njema, na usichoke kupokea simu zangu nikiulizwa tena habari za mchuzi. Ijumaa utakata keki mwenyewe; mimi nimeshaonywa nisisogelee kisu. Kamera itaanzia mikononi kama ilivyozoea, ila mpiga picha ameagizwa asiishie hapo, apande taratibu mpaka usoni. Mama yako tumemwekea kiti mstari wa mbele, na ameahidi kuja na miwani.