Bi Kengele na Kesi ya Chumba Namba Tisa

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, karani wa Chumba Namba Tisa atakabidhi funguo na kustaafu, baada ya kukitumikia Kitivo cha Sheria kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na mbili. Hizo siku kumi na mbili kazihesabu mwenyewe, na ameonya zisiachwe. Wasifu huu nauandika mimi, dereva wa kitivo. Maprofesa walisema wamebanwa na kazi. Isitoshe, na hapa sijisifu, nimeendesha malori katika nchi saba na sijakutana na mtu anayenishinda kusimulia.

Alikuja hapa kama mpiga chapa, mtoto wa kwanza mgongoni na barua ya ajira mkononi. Mashine yake ilistaafu zamani, yeye akahamishiwa Chumba Namba Tisa, ambacho ndicho mahakama ya mazoezi. Kwa ndugu zetu wa bustani na jikoni ambao hawajawahi kuingia humo: wanafunzi wanavaa majoho, wanapewa kesi ya kubuni, wanasimama mbele ya majaji wa kuazima na kutetea wateja ambao hata hawajazaliwa. Kitu pekee cha kweli humo ni jasho.

Kazi yake ilikuwa kuita kesi, kushona pindo za majoho na kutunza muda. Mwanzo aliinua kadi iliyoandikwa dakika zilizobaki, lakini wanafunzi waliokariri hotuba husema macho wameyafumba, kadi hawaioni. Basi akafungua kengele ya baiskeli ya mumewe na kuikaza kwa skrubu juu ya meza. Mzee wake, fundi viatu mstahimilivu, alizunguka mjini mwaka mzima akipiga kelele "Pisha! Pisha!" kwa mdomo wake mwenyewe. Toka hapo jina likawa Bi Kengele, na lile la kwenye barua ya ajira nadhani hata mhasibu kalisahau.

Masikio yake ni mahakama ya rufaa. Kuna kijana alisema "kimsingi" mara arobaini na moja ndani ya dakika kumi. Alipomaliza, akijiona ameua, Bi Kengele alimpa karatasi yenye vijiti arobaini na moja, akaenda zake kunywa chai. Mwingine aliulizwa swali na jaji akajibu kwamba atalifikia baadaye. Huyo aliitwa pembeni: "Mwanangu, jaji akiuliza amekufungulia mlango. Wewe unazunguka nyumba kutafuta dirisha?" Mawakili wengi wanaotamba leo mjini walifunguliwa milango na mama huyu, ambaye hajawahi kukalia dawati la sheria hata siku moja.

Nami nimewahi kukaa kwenye kiti cha jaji. Jaji mwalikwa aliharibikiwa na gari, Bi Kengele akanivalisha joho, nikahukumu kesi ya kontena lililopotea. Hukumu yangu haijatenguliwa hadi leo.

Lakini sheria yake kuu ilikuwa ya kura. Karatasi mbili zinakunjwa, kila mwanafunzi anaokota moja, na upande ulioupata ndio utakaoutetea, hata kama roho inakataa. Habadilishi. Anasema mtu asiyeweza kuieleza hoja ya mpinzani mpaka mpinzani mwenyewe akatikisa kichwa kukubali, huyo hajaielewa kesi, anapiga domo tu. Sheria hiyo ndiyo iliyonitoa jasho miaka sita iliyopita, na ndiyo iliyonifanya nimheshimu mwanamke huyu kuliko wakubwa wengi niliowabeba garini.

Asubuhi moja tulikuta barua mlangoni. Kamati ya majengo imeamua kukikata Chumba Namba Tisa kwa mbao nyembamba kipate kutoa ofisi nne. Walimu walikuwa wanakaa watatu meza moja, na hilo lilikuwa kweli. Wanafunzi, ilisema barua, watasoma kwenye vitabu.

Bi Kengele hakulia wala hakukusanya saini. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mhandisi mmoja ambaye hatukuwa tumewahi kuyaona meno yake, akamuuliza kama inafaa kuhukumu bila kusikiliza pande mbili. Akamwomba dakika arobaini tu: kamati ije ikae kama majaji, wanafunzi wawili wabishane kama chumba kifungwe au kibaki, na hukumu itakayotoka siku hiyo iwe ndiyo ya mwisho. Mhandisi akakubali. Nafikiri alitaka kuonekana mwenye haki.

Wanafunzi walikuwa wawili. Wa kwanza tulimwita Redio, kijana mwenye sauti ambayo ukiisikia unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Wa pili alikuwa binti wa kinyozi, mwaka wa pili, mwenye akili nyingi na woga mwingi zaidi. Akishika karatasi unaisikia ikitetemeka hadi viti vya nyuma. Sote tulijua mpango: Redio atetee chumba, tumalize.

Kura ikapigwa. Redio akafungua yake, uso ukamwisha damu. Imeandikwa: Kufunga.

Nilimwendea Bi Kengele mbio. "Dada, geuza hizo karatasi. Nani ataona?"

"Mimi nitaona," akasema. "Na siku nikigeuza kura, wewe dereva, chumba hiki nitakuwa nimekifunga kwa mkono wangu."

Redio naye akaja, machozi yanamlengalenga, akisema hawezi. Bi Kengele akamfunga vifungo vya joho kama mama anayempeleka mtoto shule. "Shingo juu, wakili."

Jamani, yule kijana alisema! Aliwaonyesha majaji mwalimu anayesahihisha mitihani kwenye ngazi, karatasi magotini. Akawaonyesha mwanafunzi aliyefiwa, anamwelezea mshauri wake msiba mbele ya watu sita kwa sababu hakuna mlango wa kufunga. Hakutia chumvi hata punje. Mimi niliyekuja kukitetea chumba nikaanza kuona haya kwa kukipenda.

Binti wa kinyozi akasimama. Karatasi ikaanza wimbo wake. Kabla hajafika mstari wa pili mhandisi akamkatiza: aliyoyasema mwenzako ni kweli au uongo?

Bi Kengele alikuwa anaiangalia saa, si binti.

Binti akaiweka karatasi chini. "Ni kweli, mheshimiwa. Aliyefiwa ni mimi."

Nywele zilinisimama. Akaendelea, sauti ndogo lakini imenyooka. Alisema ofisi ni lazima zipatikane, na ofisi inaweza kukaa popote penye meza na mlango. Lakini mahali pa kukosea mbele ya watu, bila mtu mwingine kupelekwa jela kwa kosa lako, pako hapa tu. "Mara yangu ya kwanza kusimama humu nilizimia. Mngependa nizimie hapa, au mbele ya mteja wangu, siku anayosubiri kujua kama atalala kwake? Waheshimiwa, kitabu hakijawahi kunikatiza. Kitabu hakijawahi—"

Kengele ikalia. Ndiyo, aliipiga! Dakika zilikwisha, na mama huyu akamnyamazisha mtoto aliyekuwa anamwokolea chumba chake. Binti akainamisha kichwa, akaketi. Nilitamani kuing'oa ile kengele niimeze.

Mhandisi akamgeukia Redio, akamuuliza yeye binafsi anataka chumba kifungwe? Kijana angesema hapana tu, kila kitu kingekwisha. Akajibu: "Mheshimiwa, hapa nimesimama kwa niaba ya upande wa kufunga. Ninachotaka mimi hakimo kwenye faili."

Kamati ikatoka nje robo saa. Waliporudi, mhandisi alisoma kwamba kwa hoja, upande wa kufunga umeshinda. Kisha akavua miwani. Alisema walikuja wakidhani humu watoto wanacheza. Kumbe wanafundishwa kumsemea kwa haki mtu wasiyemtaka, kukiri ukweli unaowaumiza, na kunyamaza muda wao ukiisha. "Sisi kwenye kamati," akasema, "hatuwezi hata moja kati ya hayo matatu. Basi chumba kibaki."

Ofisi nne zikakatwa kwenye ukumbi wa kamati yenyewe. Kamati ikahamishia vikao vyake Chumba Namba Tisa, karani akiwatunzia muda, na tangu hapo havijazidi dakika arobaini. Siku ile ya hukumu, kwa mara ya kwanza, tuliyaona meno ya mhandisi.

Redio leo ni mwendesha mashtaka, na binti wa kinyozi ni wakili wa utetezi. Hukutana mahakamani kama maadui na kutoka kama kaka na dada. Wote wameahidi kuwapo Ijumaa, na gari nitaliosha.

Bi Kengele, Jumatatu itakayofuata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataingia kwenye chumba chako. Hawatakujua. Watatetemeka, watakosea, watasahau jina la mteja wao, na hakuna atakayeumia. Wamepata mahali pa kutetemekea kwa sababu wewe ulikubali kukipoteza chumba kuliko kugeuza karatasi moja. Tumekaa nawe miaka yote hii tukidhani tunafanya kazi na karani. Ahsante, mama yetu. Siku zako zote zijazo ziwe njema, afya ikufuate kila uendako, na usingizi wa asubuhi, ulioukosa miaka thelathini na mmoja, uulale wote.