Ng'ombe Wana Kibali

Basi la kutoka Katesh lilipoanza kupanda mlima, Genoveva aliacha kujifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana aliyewahi kuhudhuria semina ya wakimbizi Arusha alikuwa anamweleza Mzee Isidori, mkulima wa Gendabi, kwamba yeye si mkimbizi.

"Mkimbizi huvuka mpaka wa nchi, mzee wangu, akikimbia vita. Wewe umekimbia ukame. Kisheria hujahama, umesafiri tu." Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa pipi.

"Ng'ombe wangu walitangulia Tlawi, huko Mbulu ninakokwenda," alisema mzee. "Nimewaweka kwa rafiki yangu, kama tunavyowekeana siku zote. Kibali chao kiliandikwa kabisa: wanahamishwa kwa sababu ya ukame. Sasa ukame uliowahamisha wao, mimi umenitembeza?"

"Mifugo ina kanuni zake. Suala la binadamu bado liko kwenye mchakato."

Genoveva akajiuliza mchakato huo umeshakunywa chai kiasi gani vikaoni.

Basi likasimama stendi ya Mbulu. Mzee akachukua jembe lake. "Nikifia Tlawi, mwanangu, mtaandika nimekufa, au bado nasafiri?"

Kijana akaanza kutafuta mkoba wake, ambao ulikuwa mapajani mwake.