Mrija wa Ndizi

Basi lililotoka Kibondo lilikuwa bado mbali na Kasulu, lakini kibofu cha Mwalimu Herieth wa baiolojia kilikuwa kimeshafika.

"Kaka, simamisha nichimbe dawa."

Kondakta Ridhiwani akamkagua kama daktari bingwa. "Mwalimu, tangu stendi nakuona unakula ndizi tu. Maji hujagusa. Huo mkojo unatoka wapi?"

"Kwenye hizo ndizi!" Mwalimu akawaka. "Utumbo unanyonya maji yake, damu inayafikisha kwenye figo, figo zinachuja, kibofu kinajaa. Ulidhani chakula kina mrija wake na maji yana wake?"

"Ndiyo. Wa nyuma na wa mbele."

Abiria wakaafiki.

"Basi nadharia imeisha," akasema Herieth, akinyanyuka. "Sasa tunafanya kwa vitendo, hapa hapa kwenye siti yako."

Dereva akakanyaga breki.