Mama Mchaichai, Mkandaji wa Lebo Mbili

Marehemu, Mama Mchaichai kwa wengi wenu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa dereva wa treni. Alisoma shule iliyokuwa nyuma ya karakana hadi mwaka 1967. Siku moja mwalimu wa hesabu alimwambia jibu lake si sahihi, akae chini. Akakaa. Alipoulizwa tena, akajibu vilevile. Kesho yake mwalimu alikiri kwamba kitabu ndicho kilichokosea.

Tarehe 17 Julai 1976 aliolewa na baba yetu, fundi cherehani. Ukandaji alifundishwa na nesi mstaafu, na mwaka 1981 akafungua chumba chake: kitanda kimoja, mataulo, na uani mtambo wa kuchemshia majani ya mchaichai na mkaratusi hadi mafuta yajitenge. Chupa zake zilikuwa na lebo za aina mbili: nyeupe kwa mafuta ya majani yasiyopuliziwa dawa ya wadudu, njano kwa yaliyopuliziwa. Baba ndiye aliyeziandika, maana mwandiko wa marehemu, kama alivyosema mwenyewe, ulihitaji mkalimani. Marehemu hakuwahi kusema ya njano ni sumu. "Mwenye mwili achague, lakini achague akijua," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Mwaka 1994 alinunua mzigo wa mchaichai kwa mkulima aliyeapa kwamba shamba lake halijui dawa. Marehemu alinusa majani, akaiamini pua yake, akajaza chupa arobaini za lebo nyeupe. Wiki mbili baadaye mke wa mkulima alikuja kukandwa mgongo.

"Bomba la dawa ndilo lililoniumiza," alilalamika. "Kupulizia shamba zima peke yangu, jamani!"

Mikono ya marehemu ilisimama palepale. Siku iliyofuata alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akibandua lebo nyeupe kwa maji ya moto na kubandika za njano. Mwenye saluni mmoja aliyekuwa amenunua chupa alimcheka: "Mama, kwani si yananukia sawasawa?"

"Yananukia sawasawa," alijibu marehemu. "Ndiyo maana lazima nikwambie."

Wateja wengine walimkimbia. Baba alimsihi anyamaze, yaishe. Ng'o! Alizifuata chupa zote arobaini.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2021. Wapo waliomsema, eti mkandaji mzima anakimbilia hospitali. "Mafuta yananituliza, hayaniponyi," aliwajibu. "Nipisheni nikamwone daktari." Alifariki tarehe 3 Mei 2023, saa kumi na mbili asubuhi, katika wodi ya wanawake, binti yake mkubwa akimkanda miguu.

Na hili tuliseme wazi, kwa kuwa yeye angelisema. Juzi, hata kaburi halijachimbwa, mfanyabiashara mmoja wa mafuta alikuja msibani kuomba jina la Mama Mchaichai. Alitaka kulibandika kwenye chupa zake zote, za majani yaliyopuliziwa na yasiyopuliziwa, kwa lebo nyeupe moja.

"Marehemu hawezi kulalamika," alisema.

"Sisi tunaweza," alijibu binti mkubwa, akaenda kumfungulia geti atoke.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Chumba chake kitafunguliwa Jumatatu, kama kawaida. Apumzike kwa amani mama yetu, na asitokee mtu wa kumsemea uongo.