Wakili Volkmar Thiessen, Aliyebaki Ameketi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mechthild, dada wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na nikisoma kwa tahadhari mnivumilie, kwa kuwa wale mabwana wawili wenye mashati ya kahawia ya wanamgambo wa chama tawala pale getini hatukuwaalika.

Kaka yetu, Wakili Volkmar Thiessen, alizaliwa tarehe 14 Machi 1884 hapa Ellernbrück, mtoto wa kwanza wa fundi wa matandiko ya farasi, akasoma shule ya mjini, kisha sheria huko Göttingen, akafungua ofisi mwaka 1911, akafunga ndoa na Hedwig Carstens tarehe 4 Mei 1912, wakajaliwa Imke na Detlef. Katika Vita Kuu alipigwa risasi ya goti, akarudi akichechemea, na mwaka 1924 wakulima aliowatetea mahakamani wasinyang'anywe mashamba walimchagua kuwa mbunge wa jimbo.

Aprili 1933 bunge hilo liliitwa kupitisha sheria ya kujivua madaraka yake lenyewe, wanaokubali wasimame, na wenye mashati ya kahawia wakiwa wamejipanga ukutani, bastola viunoni, wabunge wote wakasimama isipokuwa yeye. Kijana mmoja akamwinamia, "Bwana wakili, utasimama, au tukusimamishe?" Naye, ambaye baadaye alimwambia Hedwig kwamba mikono aliikalia isionekane inavyotetemeka, akajibu, "Nimebakiwa na goti moja zima tu, kijana, silichoshi kwa upuuzi."

Tangu siku hiyo wateja walikoma kuja, na sisi tukawa tukisikia gari mtaani tunaacha kutafuna. Tarehe 9 Oktoba 1934 lilisimama mlangoni, wakamchukua mezani, supu ya njegere ikiwa bado ya moto, wakamrudisha tarehe 30 akiwa hawezi kuketi wala kulala chali, na tarehe 2 Novemba akafariki.

Tumeagizwa tuseme aliugua moyo. Jana Hedwig alininong'oneza jikoni, "Wifi yangu, soma kama walivyosema, nina watoto." Nimesoma, wifi. Lakini mwili wa kaka yangu niliuosha mimi, na maradhi ya moyo hayavunji mbavu.

Tunamshukuru daktari, aliyetusihi tusimtaje, majirani mlioleta mkate kwa mlango wa nyuma, na wabunge wenzake, ambao amefika mmoja tu, Mungu amfikishe nyumbani kwake salama.

Pumzika kwa amani, Volkmar, hofu tuachie sisi.