Kura Themanini na Moja za Ma'am Herminia

Benchi la duka la Manang Delia linatazamana na ukumbi wa barangay, yaani serikali ya mtaa, kwa hiyo sisi tusio na kazi ndio tunaojua nani kaingia, nani katoka, na katoka na bahasha nene kiasi gani. Mimi nina digrii ya kompyuta, wananiita Injinia, kazi sina. Nina mashine tatu nilizookota kwenye pisonet iliyofungwa, zile kompyuta za kutumbukiza piso moja, nikaziunga zikawa moja. Zinavuma chini ya kitanda changu mpaka Mama ananiambia nichague, siasa au kompyuta, chumba ni kimoja. Sikuchagua. Siku ya uchaguzi wa kapteni wa barangay nilipiga picha karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, ambapo Ma'am Herminia, aliyetufundisha sote darasa la kwanza na siku hiyo akisimamia kura, alichora kijiti kwa kila kura iliyosomwa. Nikaifundisha mashine kuhesabu vijiti. Ma'am kaandika 410. Mashine inasema 329. Basi asubuhi hii nimekuja na barua ya malalamiko, majina kumi na mawili yameshasaini, na trisikeli ya Manong Berting, pikipiki yenye kigari ubavuni, inanguruma tayari kunipeleka mjini. Huyo Berting tunamwita Redio, maana habari kwake hazizimwi. Huku kila kaka ni Manong, kila dada ni Manang.

— Themanini na moja! — nikasema. — Kura themanini na moja zimetoka mbinguni?

— Mimi nilishtuka tangu siku ile, — akasema Redio. — Hebu niambie, umeme ulikatika saa ngapi?

— Haukukatika.

— Umeona? Kila uchaguzi umeme hukatika. Safari hii haukukatika. Kwa nini?

Hapo Luteni akaweka kikombe chini. Luteni alikuwa mlinzi wa benki, jeshi kaliona kwenye gwaride tu.

— Wafu hao, — akasema. — Nendeni makaburini mkahesabu yaliyopakwa chokaa mpya.

— Manong, wiki ya sikukuu ya wafu makaburi yote hupakwa chokaa.

— Ndiyo maana uchaguzi wameuweka wiki hiyo hiyo! Nani atagundua?

— Abaw! — Redio akapiga goti. — Na ile mikate ya bure asubuhi? Mimi nilikula miwili. Toka hapo sikumbuki vizuri nilimpigia nani.

— Wewe hukumbuki hata siku ya ndoa yako, — akasema Manang Delia kutoka dirishani, anapuliza makaa chini ya birika la kahawa. — Injinia, toto, waliosaini kitabu cha wapiga kura siku ile walikuwa wangapi?

— Mia nne na kumi.

— Sasa?

— Sasa kitabu kilikuwa mezani kwa nani? Kalamu ya nani? Manang, hawa watu wamejipanga, it's a system!

— Na hizo mashine zako juzi tu watoto walikuwa wanapigia mazimwi risasi.

— Afadhali. Mashine haina mjomba ukumbini.

Luteni akacheka, akaomba barua, akasaini. Jina la kumi na tatu. Manang Delia hakucheka.

— Ma'am anastaafu Desemba, — akasema. — Barua hiyo ikifika mjini wanafungua uchunguzi, pensheni inasimama. Miaka thelathini na nane ya chaki, toto. Una hakika?

— Nina data, — nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

Ndipo akaja mke mpya wa mwokaji mikate, kutoka kisiwa cha jirani, hana hata wiki mbili hapa. Kafuata siki. Wakati Manang anaitafuta chupa, yeye akainamia ile picha niliyoibana kwenye barua.

— Samahani, Manong, — akaniambia. — Na hiki kinacholala, mashine imekihesabu?

— Kipi?

— Hiki. Vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao. Kwetu huyo naye ni mtu.

Nikaivuta picha karibu. Mimi ndiye niliyeiambia mashine kwamba kura ni mstari uliosimama. Mistari ya mshazari nilidhani ni mikunjo ya karatasi, nikaiamuru iiruke. Nikaanza kuhesabu mafungu kwa kidole. Mgombea wa kwanza, arobaini na matatu. Wa pili, thelathini na manane.

— Ngapi jumla? — akauliza Luteni.

Nikaandika 81 pembeni ya barua. Darasa la kwanza Ma'am alitupanga sakafuni, wanne wamesimama, wa tano analala mbele ya miguu yao. Mimi ndiye niliyekuwa nalala, kwa ufupi wangu.

— Injinia, — Luteni akasema polepole, — nipe kalamu.

— Ya nini?

— Nifute jina langu.

Redio akazima injini. Ng'ambo ya barabara Ma'am Herminia alitoka ukumbini na mwavuli wake, akatupungia mkono kama anavyotupungia kila siku.

Manang Delia akanyoosha mkono dirishani. Nikampa barua, picha na yote. Akaisokomeza chini ya birika, moto ukaruka.

— Haya ondokeni, — akasema. — Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa linatokota.